Shangazi Aliyekwenda Kuona Kuta

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Shangazi anastaafu baada ya miaka ishirini na saba ya kuuza rangi katika duka letu. Si shangazi wa damu wa yeyote kati yetu, lakini hata bosi, anayemzidi umri, humwita hivyo. Mimi ninayeandika haya ndiye mchanganyaji wa rangi. Muda wote huo yeye ameuza nilichochanganya, na kubeba lawama nyingi zilizonistahili mimi.

Alipoanza kazi alikuwa na mdomo mtamu kupita kiasi. Mteja aliingia kuulizia brashi, akatoka amekumbatia makopo ya rangi ambayo hakuyapanga. Bosi alifurahi, na Shangazi alitembea dukani kifua mbele. Ndipo likatokea suala la kinyozi.

Kinyozi huyo wa mtaa wa pili alitaka rangi nyeupe tu. Shangazi akamshawishi achukue kijani kilichokolea. Kinyozi akapaka, akanyamaza. Miezi kadhaa baadaye Shangazi alimsindikiza mumewe kunyolewa kule. Alipomtazama kwenye kioo, chini ya zile taa, alishtuka nusura apige kelele: mzee alikuwa na sura ya mtu aliyezidiwa na ugonjwa. Kumbe mzee hakuwa na lolote, ni kijani cha ule ukuta kilichomwangazia usoni. Viti vingine vyote vilikuwa vitupu. Kinyozi alipobanwa, alikiri kwamba wateja wamemkimbia, ila aliona haya kuja kulalamika kwa mtu aliyemhudumia kwa upendo vile.

Shangazi alirudi dukani akilia. Akambembeleza bosi atoe nyeupe bure, nami nikapanda ngazi kuipaka. Tangu siku hiyo aliuliza kabla ya kusifia: madirisha yanatazama wapi, nani analala humo, taa ni za namna gani. Na wiki chache baada ya kuuza, alifunga kitambaa chake kichwani akaenda kuona ukuta. Hakubeba cha kuuza. Alipiga hodi, akatazama, akauliza kama wanaipenda rangi, akarudi. Bosi aliyaita hayo umbea wa saa za kazi.

Kisha likafunguliwa duka kubwa ng'ambo ya barabara, bei chini, spika zikipiga kelele mlangoni kutwa nzima. Wateja walitupungukia hadi bosi akatuita sote na kutuambia tuanze kutafuta kazi kwingine. Tuliogopa, tusidanganyane. Bosi alifikiria kukodi spika kubwa zaidi. Shangazi akamwomba amwache kwanza aendelee kuona kuta, na sisi wengine tukaguna.

Aliyetuokoa ni kinyozi. Saluni yake ilikuwa imejaa tena, na kila aliyeketi kitini alisimuliwa habari za muuza rangi aliyerudi kurekebisha kosa lake. Mtu mwenye wembe shingoni atafanya nini zaidi ya kusikiliza? Wakaanza kuja mmoja mmoja, wakimuulizia Shangazi. Duka la ng'ambo bado lipo, nasi pia tupo.

Nimewaza sana jambo hili. Tulizoea kumwogopa mteja mkali, kumbe huyo bado anatutaka. Tuliyempoteza ni yule aliyeshukuru, akaondoka, asirudi tena. Shangazi ndiye aliyetufundisha kumfuata huyo, bila kumsumbua.

Wiki iliyopita alisimama upande wa pili wa kaunta, mara yake ya kwanza kama mteja, kununua rangi ya chumba chake cha kupumzikia. Alichagua nyeupe, tukacheka mpaka basi. Bosi akashuka kutoka ofisini, akamuuliza taratibu madirisha yanatazama wapi. Shangazi alifungua mdomo kujibu, machozi yakamtangulia.

Shangazi, asante kwa kila hodi uliyopiga kwa niaba yetu. Tunakuombea afya, mapumziko matamu na mzee asiyezidiwa. Wiki chache zijazo utasikia hodi mlangoni kwako. Usishangae kumkuta bosi ametangulia mbele. Tutakuwa tumekuja kuona ukuta.