Kiapo cha Ildephonse na Dakika Tisini za Anouar

Wasikilizaji wapendwa, mliopo nyumbani, mliopo sokoni, na we fundi unayetusikiliza mikono ikiwa na grisi, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka kijana wa mtaa wa Kinama. Jina lake Ildephonse. Nyumbani walimwita Ilde. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Alikuwa munyonzi, mtu wa baiskeli, mmoja wa wale wanaoshusha ndizi kutoka Bugarama mpaka huku mjini. Alifariki Jumanne, wiki tatu zilizopita, katika barabara ile ile aliyoijua kuliko mtu yeyote.

Mama yake anaitwa Concilie. Ni yeye aliyetuomba tusimulie habari hii. Alisema, "Semeni yote. Na mimi msinifiche." Basi tutasema yote.

Ildephonse alizaliwa Buterere, pembeni ya mashamba ya mchele. Alipokuwa na miaka tisa maji yaliingia nyumbani yakaangusha ukuta wa nyuma. Baba yake, mzee Gervais, akamweka begani, akamshika mkono dada yake Laure, wakahamia Kinama na godoro moja. Baba huyo ndiye aliyempeleka uwanjani mara ya kwanza, kuangalia timu ya Umurabyo. Tangu siku hiyo Ilde alikuwa mtu wa Umurabyo. Alipofika miaka kumi na sita, baba akafariki. Mwaka uliofuata Ilde akaacha shule, akapanda baiskeli.

Miaka tisa alikuwa barabarani, wasikilizaji wapendwa. Kupanda kwenda Bugarama, kushuka na mikungu ya ndizi. Miaka tisa, na hakuanguka.

Wengine wanadhani alikuwa mtu wa kukimbilia hatari. Apana. Jirani yao, Mama Mwanasiti, anakumbuka siku binti yake Amira aliposhikwa na uchungu, mvua inanyesha, gari hakuna. "Ilde alimkalisha juu ya baiskeli," anasema, "akaisukuma kwa miguu mpaka hospitali. Hakupanda hata kidogo. Aliniambia, mama, barabara ina mashimo, mutoto asishtuke." Huyo ndiye Ilde. Mtu wa taratibu. Sasa sikilizeni jinsi mtu wa taratibu alivyokwenda.

Mwezi ule Umurabyo ilimsajili beki anayeitwa Anouar. Ni mtoto wa Buyenzi. Amecheza Kigali, amecheza Dar es Salaam, amecheza Uarabuni, akarudi nyumbani na miaka thelathini na minane. Miaka thelathini na minane, na timu inampa nafasi ya kati, mahali ambapo washambuliaji wote wanapita. Kinama iligawanyika. Kwenye ligala, kijiwe cha vijana mbele ya saluni ya Hugues kinyozi, hakukuwa na habari nyingine.

Ilde hakumtaka Anouar. Hugues, rafiki yake tangu utoto, alimtaka.

"Wametuletea mutu wa kukaa na wajukuu," alisema Ilde. "Jumapili vijana wa Gitega watamuzunguka kama watoto wanazunguka kisima."

Hugues alikuwa na mashine mkononi, mteja kwenye kiti. "Beki hakimbii, sha. Beki anafika. Anouar anaangalia mupira unaenda wapi, anakungojea pale."

"Atangojea kweli. Magoti yake hayana kazi ingine."

Watu wakacheka. Mteja naye akasema, "Malizeni kwanza kichwa yangu. Mechi ni Jumapili, na mi niko nusu."

"Ilde, mi nakwambia anacheza dakika zote tisini," alisema Hugues.

"Thelathini. Ya thelathini na moja wanamubeba na machela."

"Na akimaliza?"

Hapo wote wakanyamaza kumsikiliza. Na mtu akinyamaziwa na watu ishirini, wasikilizaji wapendwa, huona aibu kusema neno dogo. Ilde akasimama.

"Akimaliza, Jumanne nashuka kutoka Bugarama mpaka hapa bila kushika breki. Naapa kwa baba yangu Gervais aliye kaburini."

Kulikuwa na mtu aliyeshika simu. Alirekodi, akatuma kwenye grupu la mashabiki. Kabla jua halijazama, watu zaidi ya mia mbili walikuwa wameisikia sauti ya Ilde na jina la baba yake.

Concilie aliisikia kwenye simu ya Laure. Alipofika kwenye jina la marehemu mumewe, aliketi chini. Nyumbani kwao kiapo cha kumtaja marehemu hakichezewi. Lakini mjane wa Gervais ni nani? Si yeye? Kama angesema, "Nakufungua kiapo hiki, kwa niaba ya baba yako," nani angembishia? Maneno hayo yalimfika mdomoni. Ilde akaingia anacheka, akaomba chakula. Concilie akayameza maneno, akapakua wali. Aliogopa kumwaibisha mtoto wa kiume mbele ya rafiki zake. Akajiambia, yule muzee hatamaliza mechi. Miaka thelathini na minane, atamalizaje?

Jumapili ikafika. Ilde alikwenda uwanjani na wenzake. Concilie alibaki uani anachambua ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, Laure pembeni yake na redio ya simu. Mama huyu hakuwahi kujali mpira. Siku ile alijua jina la mchezaji mmoja tu, na alimwombea avunjike nguvu.

Dakika ya ishirini, mtangazaji akasema Anouar ameteleza. Concilie akaacha ndagala. Anouar akainuka.

Dakika ya thelathini na moja, uwanja mzima ulipiga kelele. Ilikuwa dakika ya Ilde. Machela haikuja. Anouar alitoa mpira kwa kichwa, mechi ikaendelea.

Kipindi cha pili Umurabyo wakafunga goli moja. Gitega wakaja juu. Dakika ya sitini na nne Anouar alianguka, ameshika paja. Daktari wa timu akaingia.

"Wamutoe basi," alisema Concilie. "Kocha hana huruma? Ni mutu muzima yule."

Laure akamtazama. Wote wawili walijua kwamba hiyo haikuwa huruma.

"Mama, amesimama," alisema Laure.

Dakika ya themanini mtangazaji akasema kuna mabadiliko. Concilie akasimama, magamba na vichwa vya samaki vikamwagika miguuni. Namba ikainuliwa. Aliyetoka alikuwa mshambuliaji. Anouar alibaki. Dakika ya mwisho mpira ulikuwa unaingia golini, kipa amelala, na mguu uliouzuia kwenye mstari ulikuwa wa Anouar. Umurabyo moja, Gitega bure. Dakika tisini, Anouar ameimaliza mechi.

Kinama ikatoka nje na masufuria, watu wakaimba barabarani. Katika ua mmoja tu hakuna aliyeimba.

Jumatatu asubuhi Hugues alifika nyumbani kwao. Alitusimulia mwenyewe. "Nilimwambia, Ilde, tumecheka, yaishe hapa. Akaniambia, we umecheka, sha, lakini wale mia mbili wanangoja."

Na kweli walikuwa wanangoja. Laure ametusomea walichoandika. "Tunangoja Jumanne." "Simu zimejaa chaji." "Wa Bugarama amebadilisha njia?" Mwingine, mtu ambaye Ilde hata hakumjua, aliandika, "Baba yake anaona aibu huko aliko." Laure anasema hilo ndilo lililomwingia. Alilisoma mara tatu, akaweka simu kifudifudi.

Anouar naye alisikia. Jioni ile alituma sauti yake kwenye grupu. "Mudogo wangu, mi ndiye niliyecheza, na mi nakwambia baki nyumbani. Dakika ya sitini na nne nilitaka kutoka. Nilibaki kwa sababu watu walikuwa wanaimba jina yangu. Si kitu cha kukuua." Yalikuwa maneno mazuri. Lakini chini yake watu wakajibu kwa kucheka. "Ona, hata muzee anamuonea huruma." Basi huruma nayo ikageuka mzaha.

Siku ile yote Concilie hakusema na mwanawe juu ya kiapo. Alifanya jambo lingine. Usiku, Ilde alipokwenda kuoga, alifungua gurudumu la mbele la baiskeli, akalizungushia kitenge, akalipeleka kwa Mama Mwanasiti. Alidhani amemaliza.

Jumanne alfajiri Ilde alisimama uani.

"Mama, gurudumu iko wapi?"

"Sijui."

Alimtazama mama yake kwa muda. Hakukasirika.

"Nitafika tu, mama," alisema. Akatoka kwa miguu mpaka barabara kubwa, akapanda lori lililokuwa linakwenda kuchukua mboga. Concilie akaweka maji ya chai motoni. Aliwaza, bila baiskeli hakuna kushuka. Hakuwaza kwamba kule juu baiskeli ni nyingi kuliko watu.

Huko Bugarama Ilde alimkuta mwenzake wa kazi, Maxime, ameshikwa na homa, amejifunika koti, mikungu yake mitano imeshafungwa. Maxime alifurahi kupata mtu wa kumshushia mzigo. "Lakini nilimwambia," anasema Maxime, na hapa aliinamisha kichwa. "Nilimwambia, sha, breki za hii zimeisha, mi natumia kiatu. Akanijibu, leo sizihitaji."

Chini, mahali barabara inapoingia mjini, Hugues na wenzake kama thelathini walikuwa wamepanga mstari, simu mkononi. Hugues anasema alikwenda ili awe wa kwanza kumshika. Walingoja saa moja. Wakangoja nusu saa nyingine. Mizaha ikaanza kupungua. Mtu mmoja akasema labda ameamua kutokuja, na Hugues anasema hajawahi kutamani kitu kama alivyotamani neno lile liwe kweli. Halafu lori likafika polepole, dereva akasimama mbele yao, akauliza nani anamjua kijana mwenye jezi ya Umurabyo.

Wasikilizaji wapendwa, tungeweza kuishia hapa. Lakini mama alisema yote.

Tulimtafuta dereva yule. Alituambia hivi. "Alinipita huko juu, anaimba. Barabara yetu inazunguka, ukiwa juu unaona kona ya chini. Nilimwona tena kule chini. Haimbi. Mikono yote miwili imekamata breki, na mguu uko kwenye lami unakwaruza. Nilipiga honi ili magari yampishe. Sikuwa na kitu kingine cha kufanya. Akaangukia pale konani."

Waliomwinua walikuta soli ya kiatu cha kulia imeisha kabisa, na soksi pia.

Sikilizeni vizuri. Ilde alishika breki. Mtu aliyeapa hatashika breki, alizishika kwa mikono miwili. Njiani, kabla ya kona ile, alikiacha kiapo chake. Alikubali kuchekwa. Baiskeli ndiyo ilikataa.

Concilie alipoambiwa hayo alituambia maneno haya, na akataka tuyasome kama alivyoyasema. "Mwanangu aliondoka na kiapo, njiani akakitupa. Alikuwa anarudi nyumbani kwangu. Baiskeli yake alikuwa ameifunga breki mupya wiki moja kabla ya mechi. Ingesimama. Mi ndiye niliyeificha. Nilipigana na chuma, na mdomo nilikuwa nao."

Hapa studioni hakuna anayemhukumu mama huyu. Ni mama gani kati yetu hajaficha kitu ili mtoto asitoke? Ufunguo, viatu, simu. Tunaficha kwa sababu kusema kunatutia hofu. Tunaogopa mtoto atajibu vibaya, tunaogopa majirani, tunaogopa kuitwa mama wa makelele. Concilie anawaambia wazazi wote, mwiteni mtoto, mkalisheni, mwambieni. Akikasirika, akasirike akiwa mzima.

Anouar alikuja msibani. Alikaa chini pamoja na wanaume wa nyumba, na siku ya mazishi alibeba jeneza upande wa mbele. Mama alimshika mkono. Alimwambia, "We ulifanya kazi yako, baba." Jumapili ijayo atacheza tena, na tayari huko Kinama, huko Carama, huko Buyenzi, watu wameanza. Amezeeka. Hajazeeka. Aongezewe msimu. Arudi kwake akapumzike.

Bishaneni, wapendwa. Mpira bila ubishi haupendezi, na Ilde mwenyewe angekuwa wa kwanza kuinua sauti. Lakini umri ni wa Anouar na magoti ni ya Anouar. Shingo yako isiingie katika mazungumzo hayo. Na we unayeandika kwenye simu "tunangoja", jua kwamba kuna mtu anakusoma mara tatu.

Kwa Mama Concilie, kwa Laure, kwa Hugues ambaye amefunga saluni mpaka leo, kwa Maxime, kwa majirani wote wa Kinama, na kwa wanyonzi wote walio barabarani saa hii, tunawapa pole kutoka moyoni. Mungu amlaze Ildephonse mahali pema, awape nguvu ya kuamka kila asubuhi.

Na we uliyebaki na redio, fikiria kidogo. Katika nyumba yako, au katika ligala yako, kuna mtu ameapa mbele ya watu na sasa anatafuta mlango wa kutokea. Hawezi kukuomba. Usifiche baiskeli. Nenda ukae karibu naye, umwambie mbele ya wale wale waliomsikia, "Nimekufungua. Kaa tule."