Mama Bilkisi, Mwenye Kukataa Bidon ya Famille

Tangu mwaka 1993 Mama Bilkisi Rachid anatumika mu labo ya kliniki yetu ya Dilala. Tarehe makumi tatu ya mwezi huu wa sita, 2025, anaingia mu pension. Balinipa mi, Kambo Mujinga wa kufua mashuka na kupanguza corridor, niandike habari yake, juu tulianza kazi pamoja, na juu docteur anasikia haya kuweka neno mukojo mu programme ya sikukuu ya kumuaga. Mi sina haya. Mukojo njo kazi yake.

Alianza na microscope moja yenye jicho bovu. Alifukuza kila mutu mwenye kuleta mukojo mu chupa ya jus, hata kama ni chef. Labo yake ilikuwa safi kuliko jikoni zenu, na munajua.

Kisha kukakuja mashine ya albumini, ile protini ndogo yenye kuvuja mu mukojo ya mwenye sukari wakati figo zinaanza kuharibika. Pale mutu hasikie kitu. Anakula bukari, anabishana. Ukikamata pale, dawa inasaidia. Ukingoja kuvimba miguu, umechelewa, na usikuje kulia kwangu.

Tata Omer Kalonji, chauffeur wa kamyo ya njia ya Mutshatsha, ako na sukari. Balimuomba mukojo ya asubuhi. Akafika na taxi-moto, bidon ya litre tano mu magoti. Kwao ni haya kuenda ku kliniki na kitu kidogo, tena mugonjwa habamuache peke yake. Basi bote balichanga: bibi yake, bashemeji, mugeni mwenye kupitia tu, na mukubwa wa kwaya yao. Famille na kwaya balimufuata nyuma na miguu.

– Ni ya famille yote, mama, akasema na furaha.

– Tata Kalonji, mu figo zako hamuna shemeji.

Akalazimisha. Mama Bilkisi akapima, apate kumunyamazisha: hakuna kitu kibaya, juu mukojo ya bazima ilipunguza nguvu ya ile yake. Kwaya ikaimba mu corridor yangu, penye nilitoka kupanguza chini na torshi.

Mama Bilkisi akamupa kopo, akasimama ku mulango wa choo. Kwaya ikaendelea kuimba ya kumutia nguvu. Tata Kalonji akashindwa. Akabafukuza bote mpaka barabarani, ndipo mukojo ukatoka. Albumini ilikuwa juu. Akarudilia asubuhi zingine: ni vile vile.

Famille ikakaa, ikapiga kura, ikachagua matokeo ya bidon.

– Bidon ni kubwa, akasema Tata Kalonji. Inajua mingi kuliko kopo.

Mwingine angemuacha. Mama Bilkisi alimufuata mpaka kwenye makamyo yanalala, mbele ya bachauffeur benzake.

– Panda kamyo yako, kimbia. Figo zikikufa, utaendesha kitanda. Ile kura haitakusafisha damu.

Alinuna. Lakini dawa alikunywa, sukari akaichunga, na leo angali anaendesha kamyo. Figo hazikuharibika zaidi. Anakuja ku labo na kopo moja, ya kwake.

Nyie wengine wenye sukari, munangoja nani? Mwenye kuchukua nafasi ya Mama Bilkisi ku labo ni kijana mupole, musimuletee bidon.

Mama Bilkisi, aksanti kwa kichwa yako ngumu. Ni ile kichwa ilifanya Tata Kalonji angali anaishi. Tunakutakia asubuhi ndefu, mama, yenye utaamka kwa sababu ya mukojo yako tu, hapana ya batu.