Mlezi Tu

Damas, zima hiyo simu. Mbeleje, mwanangu, niinue kidogo, weka mto mgongoni, kisha mkae wote wawili mnisikie, maana pumzi niliyonayo haitoshi kurudia maneno.

Kiwanja hiki cha Kizota ni changu, hati ina jina langu, Aneth, na shule imekaa juu yake kwa sababu mimi nilitaka ikae. Baba yenu alipofariki nilitoa makochi nje, vumbi likayala, nikatandika mikeka sebuleni nikafundisha watoto kumi na mmoja a-e-i-o-u huku fundi wa jirani akikata vyuma, mpaka leo nikisikia grenda nasikia irabu. Uji nilikoroga mwenyewe, sala niliongoza mwenyewe, na kanisa letu lilikuwa dogo, halina askofu wala mfadhili. Ritha hakuwepo! Ritha alishuka basi la Kondoa mwaka wa tatu, na begi moja, akaniamkia kwa sauti yake ile ya kwaya, nami kwa ujinga wangu nikampenda, nikampa watoto awafundishe.

Leo kuna madarasa saba na basi la njano, na watumishi wa serikali wanaleta watoto kutoka huko mbali. Kwenye ubao wa getini pameandikwa Mwanzilishi, Mwalimu Ritha, na chini yake Mlezi, Mwalimu Aneth. Mlezi! Mlezi si yule anayeshika mtoto wa mwenzake? Mtoto nimezaa mimi. Kila mahafali nakaa meza kuu napiga makofi moyo ukiniungua, wazazi wanapanga foleni kupiga naye picha, na mimi naulizwa, "Bibi, una mjukuu hapa?" Nina wivu, wanangu. Nasema wazi, nina wivu wa miaka kumi na tisa, na nimeomba uniondoke haukuondoka. Pengine sikuomba kwa moyo.

Sasa niwaambie ambalo sijamwambia mtu. Jina lile Ritha hakuiba. Siku alipokuja afisa wa usajili na fomu yake, akauliza mwanzilishi ni nani, mimi ndiye niliyesema, "Andika huyu binti, mimi ni mlezi tu." Nilisema kwa adabu, kama mtu anayekaribishwa chakula akasema ameshiba, kumbe anangoja abembelezwe. Nilingoja Ritha aseme, "Hapana, mama, ni wewe." Akainamisha kichwa, nadhani alifikiri namwamuru. Afisa akaandika. Ningerudi kwa uso gani kusema sikumaanisha?

Ndiyo maana mwezi uliopita nilikutuma, Damas, uniletee yule mtu anayetaka kununua kiwanja ajenge godauni. Nilitaka kabla sijafa nimwone Ritha akihamisha madawati. Najua mmeshaanza kupanga mambo yenu juu ya kiwanja hiki. Acheni. Nimewaza sana hapa kitandani: nikiuza, watu watasema Ritha alianzisha, Aneth akaua. Hata hapo anishinde? Thubutu!

Kiwanja kiende kwa shule, chote. Shamba la Chamwino mgawane sawa kwa sawa, na wewe Damas usimletee dada yako ukubwa. Ritha asiimbe kwenye mazishi yangu, wanakwaya wengine wapo. Ah, mwacheni aimbe. Ubeti mmoja.

Hati mpelekeeni nyinyi wenyewe, mkononi. Namjua, atarudi nyuma, atasema, "Siwezi, ndugu zangu, hii ni mali yenu." Msichukue neno lake la kwanza. Mwambieni tena. Akikataa, mwambieni tena. Mimi... mimi hakuna aliyeniambia mara ya pili.

Sogeeni niwabariki. Mungu awatunze, awape... Mbeleje, huu mkono hauinuki. Ushike wewe. Uweke kichwani kwa kaka yako. Hapo hapo. Mungu awa...