Mbele ya Mashine ya Sylvestre

Pale karibu na daraja ya muto wa Kalimabenge, mbele ya duka ya Kasimu, kuko benchi moja ndefu ya mbao ngumu. Ilitoka mu tribunali siku Wabelgiji walipoondoka. Wengine walibeba meza, wengine mapazia, siye tukabeba benchi. Ni nyuma yake ndiyo tulijua kwamba ni ile washitakiwa walikuwa wanakalia, lakini ilikuwa imekwisha kuzoea matako yetu, tukaiacha. Kila asubuhi Kasimu, ambaye babu yake alivuka ziwa kutoka Ujiji na kitambaa cha kuuza, anatoa birika ya kahawa ya tangawizi, na siye tunakaa kutengeneza inchi na midomo. Minye ni fundi ya viatu. Minakaaga ku mwisho wa benchi na nyundo yangu, na minasikiaga upumbavu wa dunia muzima bila kutoka Uvira. Ile asubuhi ya mwaka wa sitini na nne, wakati Wasimba, wale waasi wa mai ya dawa, walikuwa wameshika muji, upumbavu wetu ulikuwa umepewa kazi ya serikali.

Habari ilikuwa hii. Wazungu wa barabara waliacha mashine moja ya kuchimba, ile tunaita trakitopele. Upande moja iko na beleshi pana ya kusukuma udongo, upande mwingine iko na mukono murefu wa kuchimba mashimo. Dereva wake ni Sylvestre, muntu mupole wa Kiringye, anayesalimia mpaka mbuzi za watu. Komanda wa Wasimba alitaka mashine iende mu bonde ya Ruzizi, kule Mutarule, ikachimbe mitaro ya vita. Basi jana yake akapanga wapiganaji wote, muganga wa jeshi akanyunyizia mashine mai ya dawa ili risasi zikiifikia zigeuke maji, na Komanda akatoa amri ya kwenda mbele. Sylvestre akatia vitesi, ile gia ya kwenda mbele. Mashine ikarudi nyuma. Akatia tena. Ikarudi nyuma tena, ikakanyaga sufuria ya Komanda pamoja na kuku aliyekuwa ndani.

Sasa, sheria ya dawa kila muntu aliijua: mupiganaji harudi nyuma. Anayerudi ameharibu dawa, na anayeharibu dawa anapigwa risasi. Komanda alitazama mashine, akaona hajui risasi itaipiga wapi, akageuka akamutazama Sylvestre. Halafu akasema: nyinyi wa benchi ya Kasimu, munaojua kila kintu, kesho jua likifika katikati mutanieleza ile mashine iko na ugonjwa gani. Mukishindwa, ugonjwa ni dereva.

Ndiyo tukakaa. Sylvestre alikuwa katikati yetu, kikombe mu mikono, hakunywa. Mashine ilikuwa ng'ambo ya barabara, na Wasimba wawili wenye mikuki wanailinda.

— Minye nimekwisha kuona ugonjwa, alisema Cyprien. Huyu tunamuita Supu, ju alikuwa mupishi wa injinia mubelgiji, na anafikiri kumupelekea muntu supu ni kusoma kazi yake. Ni bwati ya vitesi, ile sanduku ya gia.

— Iko na nini ile bwati? nikamuuliza.

— Imezoea matusi. Patron yangu kila asubuhi alikuwa anaitukana Kiflama ya kwao, tena yenye nguvu, ndipo inaondoka. Tangu uhuru, nani ameitukana? Huyu Sylvestre anaiambia tafadhali.

— Siiambiagi kintu, alisema Sylvestre.

— Basi umeona. Hauiambii kintu, itajuaje kama uko unaitaka?

Gaspard akaweka kikombe chini. Gaspard alikuwa karani wa tribunali, na mpaka leo anasema polepole, sawa vile kuko muntu anaandika. Tunamuita Prosè, sawa ile karatasi ya mashitaka.

— Ninakataa, alisema. Hii ni jambo ya kugawana mali. Siku ya uhuru Wazungu walikimbia na nini?

— Frigo ya barafu, alisema Cyprien.

— Frigo, na vitesi ya kwenda mbele. Wakavuka navyo Usumbura. Siye wakatuachia ya kurudi nyuma. Angalieni shule yetu, inaenda wapi? Angalieni barabara ya Bukavu. Angalieni serikali ya Léopoldville. Munaulizia mashine peke yake kwa sababu gani?

Mara na mara Gaspard anapotea njia na kufika ku ukweli. Sikumusifu, anavimbaga upesi.

Sylvestre akainama. Sauti yake ilikuwa chini kabisa.

— Wandugu, munajua iko nini. Nyinyi wote munajua.

Ndiyo, tulijua. Tulikuwa pale, tuliona na macho yetu. Muganga, alipomaliza kunyunyiza mai, alitoa kifurushi cha ngozi, kinene sawa ngumi mbili, akakifunga na kamba chini ya kile chuma Sylvestre anashikaga ju ya kubadilisha vitesi. Akakifunga upande wa mbele. Chuma ikitaka kwenda mbele inagonga kifurushi na kusimama. Upande ulio wazi ni wa kurudi nyuma. Ugonjwa wote ndiyo huo, hata kuku wa Komanda aliuona mbele ya kufa. Lakini nani ataambia Wasimba kwamba dawa ndiyo imezuia mashine? Muntu wa kusema vile hafikishi neno ku mwisho.

— Minaweza kukifungua na mukono moja, alisema Sylvestre.

— Na ule mwingine utaaga nao nani? alisema Kasimu. Kunywa kahawa, ndugu yangu.

Mulinzi moja akageuza kichwa kutuangalia. Pale pale Cyprien akapandisha sauti.

— Ao ni kiboko.

— Kiboko gani?

— Mashine ilichimba kule Ruzizi inapoingia mu ziwa, ni vile ao si vile? Mutoto wa kiboko akaingia mu bwati. Wakati ule alikuwa mudogo. Sasa amekomaa, hawezi kutoka, na anavuta mashine kwenda ku maji. Ile kukoroma inakoromaga asubuhi, munafikiri ni motere?

— Anakula nini mule ndani? niliuliza.

— Mafuta. Si unaona inamaliza mafuta bure?

— Kiboko anakula majani, alisema Gaspard.

— Wa zamani ya Wabelgiji ndiyo alikuwa anakula majani.

Ungekuwa mugeni ungetucheka, na ungekuwa na haki. Minye mwenyewe nilikuwa nimechoka nao, nilitamani kumupiga Cyprien na kiatu nilichokuwa ninashona. Lakini nikaelewa kintu. Kila neno la ujinga lilikuwa linaziba mahali pa lile neno moja, na wakati tulikuwa tunaziba, Sylvestre alikuwa anapumua. Nikaacha nyundo, nikasema na minye ninaona kiboko ana mimba.

Jua likafika katikati. Komanda akavuka barabara, muganga nyuma yake. Komanda ni kijana, mbele ya vita alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo, na mpaka sasa anapenda watu wasimame wote mara moja. Tukasimama wote mara moja.

— Basi, akasema. Ugonjwa?

Cyprien, aliyekuwa na maneno tangu alfajiri, kiboko ikamukauka mu koo. Woga ukamusukuma, akatoa lile lilikuwa karibu ya mudomo.

— Ni mafuta, Komanda. Labda mafuta iliguswa na mwanamuke. Dawa haipendi mwanamuke.

Nikamukanyaga mguu, lakini neno lilikuwa limekwisha kutoka.

— Nani alinunua mafuta ya mashine? akauliza Komanda.

Tulijua ni Riziki, bibi ya Sylvestre, alibeba ile bidoni ku kichwa kutoka ku bandari.

— Ni minye, alisema Sylvestre.

— Weye, ao bibi yako? akauliza muganga.

— Ni minye. Bibi yangu hajui hata harufu yake.

Tangu asubuhi alikuwa anatetemeka ju ya roho yake, na sasa, ju ya Riziki, akatulia. Cyprien akaanza kulia kimya kimya, kamasi inashuka. Nilimuhurumia na nikamuchukia pamoja.

Ndipo Gaspard akafunga kifungo cha koti yake, kile kimoja kilichobaki.

— Komanda, akasema, mbele ya kukata hukumu, kuko swali moja ya kwanza. Mbele ya ile mashine ni wapi?

— Ni upande wa beleshi, alisema Komanda. Taa ziko kule.

— Nani alisema?

Komanda akatazama mashine. Akatazama muganga.

— Ni Wabelgiji walisema, akaendelea Gaspard, polepole. Walitengeneza, wakaweka taa, wakasema: hapa ndiyo mbele. Na siye tukaitika ndiyo bwana. Sasa minauliza mbele ya watu wote: tulipata uhuru, ao hatukupata? Ile mashine iko na kazi pande mbili. Kiti yake inageuka huku na huku. Mbele yake, mbele ya kweli, mbele ya muntu mweusi, ni upande wa mukono murefu. Jana haikurudi nyuma. Iliona adui, ikaenda mbele peke yake, na sufuria ilikuwa mu njia.

Mu maisha yangu sijasikia upumbavu mukubwa kama ule, na sijaomba Mungu hata siku moja upumbavu ukubaliwe vile.

Muganga alikuwa muzee mwenye akili. Aliangalia mashine, akaangalia kifurushi chake, na nikaona kwamba na yeye alikuwa anajua, tena tangu jana, na alikuwa anaogopa kutushinda siye.

— Ni kweli, akasema. Dawa ilifanya kazi sana. Ndiyo maana ilitoka na mbio.

Komanda akacheka. Meno zake zilikuwa za kijana kabisa.

— Wabelgiji ni wezi, akasema. Hata mbele yetu walituibia.

Tukapiga makofi. Kasimu akamimina kahawa kwa kila muntu, kwa Komanda na sukari. Sylvestre akashika mukono wa Gaspard na mikono yake yote miwili, hakuuacha. Gaspard akavimba vile nilijua atavimba, na ile siku nilimuacha avimbe.

— Basi iende, alisema Komanda. Leo hii. Ipite Runingu, ifike Mutarule, ikachimbe kule kwa mapigano. Dereva ni yeye. Muganga atapanda naye, akae karibu na dawa, pasipatikane muntu wa kuigusa.

Wakati huo ndiyo Riziki alifika. Alikuwa anatoka ku soko na bugali na ndagala mu kitambaa, ju bwana yake hakula tangu jana. Hakujua kintu. Cyprien, akitaka kupangusa makosa yake, akamukimbilia.

— Mama Riziki, bwana yako amepona. Hawamufanyi kintu. Tumeona kwamba nyuma ya mashine ndiyo mbele yake. Haikukimbia hata kidogo. Sasa anaenda nayo Mutarule.

Riziki akasikiliza mpaka mwisho. Akaangalia mashine. Akamuangalia Sylvestre, halafu tena mashine. Yeye ni mwanamuke wa shamba, anapenda kuelewa kintu mbele ya kufurahi.

— Nimesikia, akasema. Inajua kwenda upande ule tu.

— Ule tu, alisema Cyprien na furaha.

— Na kurudi?

Cyprien akaniangalia. Minye nikamuangalia Gaspard. Gaspard akafungua mudomo, akaufunga, na ilikuwa mara ya kwanza tangu nimemujua.

— Simba harudi, alisema Komanda.

— Siulizi simba, alisema Riziki. Minauliza Sylvestre.

Komanda akatazama saa yake, na saa ile ilikuwa imesimama tangu Wasimba waingie.

Sylvestre akapanda. Muganga akakaa karibu na miguu yake, mukono ku kifurushi. Motere ikawaka, na mashine ikaondoka kwenda kaskazini, mukono murefu ukitangulia. Gaspard alisema kiti inageuka, ndiyo, lakini inageukaga wakati wa kuchimba. Wakati wa kutembea, usukani na pedali viko upande wa beleshi. Basi Sylvestre alikaa akitutazama siye. Sheria ya dawa inakataza mupiganaji kuangalia nyuma, na yule alienda vitani akiangalia nyuma njia yote, mbele ya macho ya Komanda, na hakuna aliyeweza kumukataza, ju siye wenyewe tulisema kule ndiyo mbele.

Riziki alimufuata na kitambaa cha chakula, macho ku macho, yeye anatembea, mashine inatembea. Alipokaribia kumufikia alinyoosha mikono, muganga akamufukuza. Akabaki katikati ya barabara. Tuliona uso wa Sylvestre mpaka pale njia inapokunja kwenda Kavimvira, kidogo, kidogo tena, halafu vumbi.

Komanda akaenda zake. Siye tukarudi ku benchi, kila muntu mahali pake. Pale katikati tukapaacha wazi. Riziki naye akarudi, akasimama mbele yetu, akatutazama moja moja, akingojea. Swali lake hakulirudilia, na Gaspard alikuwa anaangalia viatu vyake.

Kasimu akachukua birika, akaiweka ndani ya duka, akatoka mikono mitupu.

— Kahawa imeisha, akasema.

Haikuwa imeisha. Niliona mvuke bado unatoka ku mudomo wa birika. Lakini tukasimama wote, hakuna aliyebisha, kila muntu akaenda kwake.