Mama Gunvor na Ng'ombe Aliyekamuliwa na Wawili

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuandika na kuchora vitabu vya watoto, minane kati yake akiwa nasi hapa Karakana ya Vitabu, Area 25, Lilongwe, Bi Gunvor Hallonsten anastaafu leo Ijumaa, tarehe 13 Desemba 1996. Mwenyewe aliomba sherehe iwe fupi, isiwe na hotuba, na mandazi yawepo. Mandazi yapo.

Mimi niliyekabidhiwa wasifu huu naitwa Mbaraka Djafari, mtu wa Kindu katika Maniema, mfasiri na msomaji wa kwanza wa Karakana. Wenzangu walinichagua kwa sababu, kwa maneno yao, mwenye kosa ndiye anayekumbuka vizuri. Kosa lenyewe linakuja; kwanza tumsifu mwenye sifa.

Mama Gunvor alizaliwa mwaka 1931 kaskazini mwa Uswidi, katika shamba dogo lenye ng'ombe sita. Kazi yake ya kwanza ya uchoraji ilikuwa kupamba makopo ya biskuti. Mwaka 1962 alitoa kitabu chake cha kwanza, kuhusu mnyama wa misitu ya kwao, mkubwa kuliko farasi, mwenye pembe pana kama beleshi, ambaye anaogopa theluji. Watoto wa Uswidi walimpenda mnyama huyo hata wakadai vitabu vingine kumi na vinane. Watoto wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nje ya Lilongwe, walipoonyeshwa picha yake waliuliza kwa nini ng'ombe huyu amebebeshwa viti kichwani. Mama Gunvor aliliandika swali hilo katika daftari lake, akasema hakuna gazeti lililowahi kumhakiki vizuri hivyo.

Alikuja Lilongwe mwaka 1988 pamoja na marehemu mumewe, Torsten, mchimba visima. Mume akatafuta maji, mke akaanzisha Karakana hii kwa meza moja na kisu cha jikoni cha kuchongea penseli. Kisu hicho hakijarudi jikoni mpaka leo.

Sote tuliofanya kazi naye tunajua kwamba hachori kitu bila kukiona. Akitaka kuku anayetaga, lazima mtu achuchumae. Mpiga chapa wetu, Cyrille, amekuwa fisi katika vitabu vitatu, na wako watoto hapa Area 25 ambao wakimwona hubadili njia. Mimi nimekuwa kuku, gunia la karanga, na shangazi wa mamba. Sijutii, ila shingo yangu inajuta.

Alikuwa pia na mtihani wake. Tangu kambi ya Dzaleka ilipofunguliwa, kila Jumanne alikwenda huko na kurasa za majaribio, akampa Feza, muuza mandazi, afungie mandazi yake. Feza akiufungia mandazi, ukurasa haufai. Akiutazama, akaukunja na kuuchomeka kiunoni ndani ya kitenge, ukurasa unakwenda kwa Cyrille. Feza hana huruma katika kazi hii. "Madame, hii batoto watalala," husema, na andazi limeshafungwa.

Basi tuje kwenye kosa. Mwaka huu Mama Gunvor alitaka kitabu chake cha mwisho kiwe cha watoto wa Dzaleka, kwa Kiswahili, na kila mtoto wa shule apewe nakala yake aende nayo nyumbani iwe mali yake. Wengi wao hawakuwahi kumiliki kitabu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka. Alijua, nasi tulijua, kwamba baada ya hicho hakuna kingine. Kilikuwa hadithi ya bibi na ng'ombe wake mkaidi. Bibi huyo Mama Gunvor alimpa sura ya mama yake mzazi, amekaa kwenye kigoda, ndoo katikati ya magoti, anakamua.

Nilisoma, nikatia sahihi, nikasema hakuna kasoro. Sisi watu wa Kindu tunajua mawese, tunajua samaki, tunajua kumwuzia kitenge mtu aliyekuja kuuliza njia. Ng'ombe tunamjua akishafika kwenye sahani. Feza naye ni wa Maniema kama mimi, kwa hiyo ukurasa ule akauchomeka kiunoni. Cyrille akachapa nakala mia sita.

Mwezi wa saba tukazipeleka Dzaleka. Wazazi wakakusanyika, nami nikasoma kwa madaha. Nilipofika kwenye picha ya bibi na ndoo, wazazi Warundi wakaanza kutazamana. Mzee Gakiza, msemaji wa wazazi wao, aliyekuwa mfugaji kule Bururi, akasimama na kofia mkononi.

"Madame, mi sikatai kitabu," alisema. "Lakini kwetu mwanamuke hakamuli ngombe. Ni mwiko. Ngombe itakauka. Batoto watatuuliza, na sisi tutajibu nini?"

Feza akanigeukia mbele ya kadamnasi. "We Mbaraka, ulisoma hii kitabu ama uliangalia tu?"

Mama Gunvor alicheka mpaka akakaa chini. Tulidhani ni uchungu. Kisha akaeleza, nami nikafasiri, kwamba kwao mambo yalikuwa kinyume kabisa: kukamua ni kazi ya wanawake, na mwanamume aliyekamua alichekwa na kijiji kizima. Mama yake alipougua mapafu, baba yake alifunga mlango wa zizi, akajitanda kitambaa cha mkewe kichwani, akakamua. Ng'ombe akakubali. Jirani akachungulia. Baba yule hakuonekana kanisani mwezi mzima.

Gakiza alicheka, akafuta machozi kwa kofia, lakini jibu lake halikubadilika: vitabu havigawiwi. Nakala mia sita zikarudi garini. Feza, ambaye hapotezi nafasi, akauliza kama karatasi ile inafyonza mafuta vizuri.

Karatasi ya kuchapa upya kitabu kizima hatukuwa nayo. Tuliitafuta soko zima la Tsoka bila mafanikio. Mama Gunvor, akiushikilia mkono wake wa kulia kwa wa kushoto, akachora mwanamume mwenye ndoo. Cyrille akatoa nakala kwa stensili, nasi tukaanza kumbandika mwanamume huyo juu ya bibi. Kazi ilichukua wiki tatu. Gundi yetu ilikuwa uji wa muhogo, na nilipoona hautatosha niliamua, bila kumwuliza mtu, kupaka ukingo mmoja tu. Hilo ndilo kosa langu la pili, na ndilo pekee ninalolidaia nishani.

Tuliporudi Dzaleka, Gakiza alimkagua mwanamume yule, akamsifu kwa mkao wake, akaruhusu. Vitabu vikagawiwa. Haikupita nusu saa, watoto wakagundua kwamba mwanamume anafunguka kama mlango, na ndani yumo bibi. Fungua, funga, fungua, funga. Kelele zilifika sokoni. Mimi nilianza kutazama gari limeegeshwa wapi.

Ndipo Vénérande, mke wa Gakiza, ambaye sikuwahi kumsikia akisema mkutanoni, akachukua kitabu cha mjukuu wao, akaufungua ule mlango, akamwonyesha mumewe.

"Mi njo huyu," alisema, akimgusa bibi wa pichani, kisha kifua chake. "Wakati tunakimbia, ulikuwa na homa. Mi njo nilimukamua Gaju, ngombe yetu. Batoto sita walikunywa. Nilikuambia ni jirani. Na hakukauka."

Gakiza akakichukua kitabu. Akafunga mlango, akaufungua tena.

"Hakukupiga teke?"

"Hapana."

"Mi alikuwa ananipiga kila siku," alisema Gakiza. Watu wote wakaangua kicheko, na yeye akalia. Nami nililia, sioni haya kusema.

Tangu siku ile ni miezi minne, na Feza bado anafungia mandazi kwa magazeti. Hakuna nakala hata moja iliyofika kwenye sinia lake.

Mama Gunvor, asante, zikomo kwambiri, murakoze. Nenda ukapumzishe huo mkono, na theluji ya kwenu isikutishe. Kabla hujaondoka, tazama chini ya ukurasa huu. Picha ya juu ni baba yako na kitambaa chake kichwani; imepakwa gundi ukingo mmoja. Ifungue. Ndani ni Vénérande, anamkamua Gaju njiani. Aliyeichora ni Gakiza, mara yake ya kwanza kushika penseli ya kuchorea, naye alikataa kusaidiwa. Ng'ombe ana miguu mitano. Nimesoma, nimetia sahihi, hakuna kasoro.

Mbaraka Djafari
Msomaji wa kwanza