Mama Rudia Anatuachia Maabara ya Kupe

Tarehe thelathini mwezi huu Mama Rudia anastaafu, baada ya miaka ishirini na tisa katika maabara yetu ya virusi vya kupe. Wageni watasema amechoka, apumzike. Sisi tuliofanya naye kazi tunajua hasa nani amechoka.

Alianza kwa kuchambua kupe waliotolewa kwenye ng'ombe, mmoja mmoja kwa kibano. Baadaye akapewa meza ya kupima dawa. Seli hai zinawekwa kwenye vijishimo vya sahani, zinatiwa kirusi, zinatiwa dawa, kisha mnasubiri siku nne kuona zipi zimepona. Zikipona sisi tunashangilia. Yeye anakunja uso na kusema rudia. Mumewe anasema hata nyumbani chumvi huonjwa mara tatu, wageni wakimeza mate.

Mwaka juzi homa mpya ya kupe ilikuwa inaua wachungaji. Tukaletewa dawa, na kwenye sahani ikamaliza kirusi chote. Mkuu wa maabara akaandaa barua ili wagonjwa waanze kupewa. Ilibaki sahihi ya Mama Rudia tu, naye akagoma. Kuna vijishimo vinne alivyotia maji ya kuchanganyia dawa, bila dawa yenyewe, na humo pia kirusi kilikufa. Mkuu akamwomba asitucheleweshe kwa vijishimo vinne. Akamjibu kuwa kama maji matupu yanatibu homa, basi tufunge maabara tukachote bombani.

Tukarudia mara tatu. Siku kumi na mbili! Watu walimnunia hadi salamu zikawa za kuombana. Mwishowe akashuka chumba cha kuoshea vyombo, akachukua chupa kavu ya kuwekea yale maji, akatia maji safi kidogo na kutikisa. Likatoka povu.

Chupa huwa naosha mimi. Sheria ni kusuuza mara saba. Mgongo uliniuma, chupa zilikuwa mia mbili, nikawa nasuuza mara tatu. Sabuni iliyobaki ndiyo iliyokuwa inaua kirusi. Nikajua kibarua kimeota nyasi, na kwetu ni mbali, wananitegemea.

Kikaoni mkuu alitaka jina. Mama Rudia akasema aandikwe yeye kwanza, kwa sababu mpimaji hukagua chupa kabla ya kuzitumia, naye hakukagua. Kisha akaniita mvivu mbele ya watu wote. Tuliandikwa wote wawili, na wote wawili tukabaki kazini. Wiki nzima iliyofuata alisimama kwenye sinki ubavuni mwangu akihesabu kwa sauti, moja mpaka saba, kila chupa, hadi nikatamani bora ningefukuzwa.

Tulipopima kwa chupa safi, dawa ile haikuzuia kirusi hata kidogo. Wagonjwa wangemeza matumaini ya sabuni. Barua ikachanwa, tukaanza na dawa nyingine.

Mama Rudia, umetusumbua, na hatutakudanganya kwa kuwa leo ni hafla. Wachungaji walioepushwa dawa isiyofaa kwa ubishi wako hawakujui, kwa hiyo pokea shukrani kutoka kwetu. Mimi nakushukuru kwa kunitaja kwa kosa langu na kuniachia kazi yangu. Uende salama, mama yetu, uishi miaka mingi yenye afya na utulivu.