Mwalimu Mwahija na Hesabu Iliyookoa Miche Mia Nane

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha Hisabati ya Msingi kwa wanafunzi wa baiolojia na kilimo hapa chuoni kwetu, Kilwa Masoko, Mwalimu Mwahija Kibwana anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Wapo wanafunzi wanaosema sasa watapumua. Waongo hao, watamlilia.

Kazi yake haikuwa lelemama. Wengi huchagua baiolojia kwa kuzikimbia hesabu, na wakifika chuoni wanamkuta yeye na chaki yake. Walioshindwa kuelewa uwiano aliwapeleka jikoni, wakakuna nazi na kuchuja tui la kwanza, la pili na la tatu, kila mara wakipima maji na kuandika. Mpishi wetu, Bi. Benadetha, alinung'unika mwezi mzima, ila wali wa siku zile ulikuwa mtamu kweli.

Mwaka 2012 mambo yaliharibika. Zaidi ya nusu ya darasa walifeli, na baraza la walimu likapanga kupiga kura somo lifutwe. Mwalimu Mwahija alikonda kwa mawazo. Alijua bila somo hilo tungetoa mabwana shamba wa kubahatisha.

Wiki moja kabla ya kura, wanafunzi walipelekwa kitaluni kupulizia dawa ya ukungu miche mia nane ya mikorosho, iliyokuwa ikisubiriwa na wakulima wa Njinjo. Maelekezo ubaoni yalisema mililita 150 kwa pampu ya lita 15. Umi, binti aliyekwisha kufeli hesabu mara mbili, alisoma kibandiko cha chupa: mililita moja kwa kila lita. Akapiga hesabu, akarudia, kisha akaitua pampu na kukataa katakata. Dawa ilikuwa imezidishwa mara kumi! Miche yote ingeungua.

Njinjo walipata miche yao, yote mia nane. Katika taarifa yake kwa baraza, Mwalimu Mwahija alimsifu Umi kwa jina, lakini kosa akaliandika kuwa ni la mwalimu mmoja tu, basi. Somo likabaki kwa tofauti ya kura moja, na mwaka uliofuata darasa zima likafaulu.

Mwalimu huyo mmoja ndiye mimi ninayeandika wasifu huu. Nilikuwa mstari wa mbele kutaka somo lifutwe, na kura iliyolibakiza ilikuwa yangu. Yeye anayemtania kila mtu, kwa hili hakunitania hata siku moja.

Ahsante sana, Mwalimu. Umetushinda kwa haki. Nenda kwenu Mchinga kifua mbele, na Mwenyezi Mungu akupe afya na miaka mingi ya raha.